Unica ya Mama Mkwe

Mama mkwe alipoacha kula, mimi raha iliniishia. Magoti yalikuwa yamemshinda, shamba lake la viazi huko bara likakodishwa, na mume wangu akamleta kwetu Mtongwe, Likoni, akae nasi. Wali wa nazi aliusukuma. Samaki ndio kabisa. Vijiko viwili vya uji, basi. Siku moja akaniambia, "Ningechimba shina moja la viazi kwa mkono wangu, ningekula." Mimi na kiherehere changu nikaapa: wallahi atachimba.

Lakini mimi ni mtoto wa wakulima wa mihogo. Kiazi nakijua kikishafika kwenye karai. Nikamdodosa yeye mwenyewe, nikijifanya napiga soga. Akasema aina ya Shangi, hii iliyojaa sokoni, kwa joto letu itakiona cha mtema kuni. Labda Unica, hiyo huvumilia. Na mbegu iwe ukubwa wa yai, imeshatoa vichipukizi vifupi, vinene. Alipokuwa akieleza alijiinua kitandani bila kushikwa. Nikasema dawa ndiyo hii.

Soko la Kongowea nililizunguka mpaka visigino vikawaka moto. Muuza viazi mmoja alinicheka waziwazi. "Dada, viazi Likoni? Si upande mihogo tu!" Nikamwambia acheke ashibe. Dereva wa lori la viazi akaniahidi mbegu kutoka bara, akanizungusha mwezi mzima. Mara ya kwanza Shangi. Mara ya pili Shangi tena. "Mbegu ni mbegu, dada." Nilimkaripia mbele za watu, haya sina. Mara ya tatu akashuka na kimfuko cha Unica, viazi kumi na viwili, nusura nimpigie vigelegele.

Nilitaka viwe vingi. Asubuhi nikavikata, kila kipande na jicho lake, na kabla jua halijapanda nikawa nimevifukia vyote nyuma ya nyumba, udongo umelowa mvua ya kipupwe. Kwetu muhogo ndivyo unavyopandwa: ukikata pingili, panda ingali mbichi. Jinsi ya kupanda sikumuuliza mama, nilitaka kumshtukiza. Mchana nikamwambia Unica yako iko ardhini. Akacheka, akala sahani nzima.

Wiki ya tatu hakijatoka kitu. Nikafukua. Majimaji yananuka, vyote, hata kimoja hakikusalia. Nikampigia dereva simu nikilia. Akaniuliza, "Ulivikata ukaviacha siku ngapi vikauke?" Ya Rabi! Kumbe kiazi kilichokatwa huwekwa kivulini kwanza mpaka jeraha lifunge. Nikamwomba mbegu nyingine. Akasema amehamishwa njia, haji tena Mombasa.

Mama akaniita kutoka chumbani. "Vimeota?"

"Vimeota, mama."

Sijui ulimi ulitoa wapi neno hilo. Akala. Kesho yake akauliza tena, nikasema vina majani mawili. Nikavirefusha hivyo siku baada ya siku, na yeye anakula, na mimi nikitoka pale najifungia jikoni najiuma kiganja. Kongowea nilirudi mara nne. Unica hamna.

Kisha asubuhi moja akavaa viatu. "Sasa vinataka kupandishiwa udongo. Nishike mkono." Nilisema kuna matope, nikasema magoti yako, nikasema kesho. Hakunisikiliza. Tukaenda hatua kwa hatua mpaka nyuma ya nyumba, akasimama mbele ya tuta tupu lililoota nyasi.

"Nisamehe, mama," nikasema.

"Nilijua," akasema. "Siku ile ya kwanza uliyoniambia vimeota, ulikuwa umevimba macho."

"Mbona basi ulikuwa unakula?"

"Ulikuwa unahangaika sana, mwanangu. Nilikula kwa ajili yako." Akaniegemea begani kwa uzito wake wote. "Sasa nimechoka."

Nilimrudisha kitandani, nikamletea uji, nikamsihi kwa kila jina la Mungu ninalolijua. Akageukia ukutani.