Dochka Asoma Majina

Jamani, kuna watu huzaliwa na doa ambalo hawakujipaka wenyewe. Dochka Rangelova wa mji wetu wa Dolni Ryat, huku Bulgaria, ni mmoja wao. Husemwa kwamba babu wa baba yake ndiye aliyewafungulia lango askari wa Sultani wa Kituruki, aliyetutawala zamani, walipokuja kumkamata Mwasisi wa taifa. Ushahidi? Hakuna hata chembe. Ni maneno tu ya midomoni, lakini mtoto wa watu ameyabeba tangu darasa la kwanza.

Aliyabeba miaka thelathini akishona soksi kiwandani, akayabeba hata siku ya kumzika mumewe. Na alipojiunga na Chama cha Kumbukumbu ya Mwasisi, kinachotunza nyumba alimojificha shujaa yule, walimpa tambara afute vumbi. Naye akafuta. Akaling'arisha birika la kahawa la Mwasisi hata ukijitazama unayaona meno yako. Lakini kusoma majina? Thubutu!

Majina husomwa kila tarehe mbili Juni, saa sita mchana, ving'ora vya kuwakumbuka mashujaa vikishanyamaza. Msomaji hutaja jina la aliyeuawa, na umati hujibu: "Alikufa kwa ajili ya uhuru wa Bulgaria!" Ni majina kumi na mawili, kuanzia mdogo wao hadi Mwasisi mwenyewe. Jina likikosa jibu, kwetu ni sawa na kumuua marehemu mara ya pili.

Sasa mwaka huu mwenyekiti wa chama, Mwalimu Hristoskov, ambaye ndiye husoma, akaanguka kutoka kwenye mti wa cheri akavunjika nyonga. Mzee wa miaka themanini, juu ya mti anatafuta nini? Akamwita Dochka hospitalini.

"Utasoma wewe."

"Mwalimu, hawatanijibu."

"Soma karatasi ilivyo. Usiruke jina."

"Na wakinyamaza?"

"Mwanangu, marehemu hao unawajua kuliko sisi sote. Soma."

Mji mdogo hauna siri. Kesho yake, kwenye foleni ya mkate, jirani yake Gena Nedyalkova akamvaa mbele za watu.

"Eti kizazi cha mfungua lango ndicho kitakachowaita mashujaa wetu! Utaita mpaka koo likukauke, mama. Hakuna atakayekujibu!"

Na hakuna aliyembishia. Dochka akarudi nyumbani bila mkate, akalia weee, kisha akapiga pasi gauni lake jeusi.

Siku ikafika. Ving'ora vikalia, vikanyamaza. Dochka akasimama kizingitini mwa nyumba ya Mwasisi, karatasi mkononi.

"Todor Nedyalkov, miaka kumi na tisa!"

Kimya. Watu wote wakamgeukia Gena, na Gena akaviangalia viatu vyake. Kwa hasira zake alikuwa amesahau nani hutangulia kuitwa! Todor ni ndugu wa babu wa baba yake. Picha yake imetundikwa juu ya meza anayolia chakula kila siku. Dochka hakurudia wala hakuruka. Alingoja tu. Gena angeiachaje damu yake pale bila jibu?

"Alikufa kwa ajili ya uhuru wa Bulgaria!" akapiga ukelele peke yake, hata njiwa wakaruka paani.

Dochka akataja jina la pili, na safari hii uwanja mzima ukaitikia. Wakaitikia hivyo mpaka la Mwasisi.

Baadaye wanawake wakagawa ngano ya kuchemsha yenye sukari, sadaka ya marehemu. Gena, ambaye maisha yake yote hajawahi kumpa Dochka hata maji, akaja na bakuli lake na kumshikisha kijiko.

"Nimemjibu Todor. Sikukujibu wewe."

"Najua, Bi Gena."

"Usije ukajidanganya."

"Sijidanganyi."

Gena akageuka aende zake, akapiga hatua mbili, akasimama.

"Na mwakani upaze sauti! Masikio yangu haya ya kizee, jina la Todor nimelisikia kwa shida."