Hita Iliyonguruma Wakati wa Arobaini

Nyumba yetu ya Timbwani ilinukia majani ya mwarobaini yaliyochemshwa, na ndani ya harufu hiyo kulikuwa na sauti: hita ya bafuni ikinguruma kama sufuria ya maharagwe. Mama alikuwa amejifungua mdogo wangu, na bibi, mama yake mzazi, amehamia kwetu kumkanda. Asubuhi na alasiri alimkalisha mama kwenye kibao, akachovya kitambaa katika maji ya moto na kumkanda tumbo, kiuno na miguu, na ingekuwa hivyo mpaka arobaini, siku arobaini za uzazi, itimie. Hita ilikuwa zawadi ya baba. Alikuwa fundi wa mitambo kwenye kituo cha umeme cha Kipevu, na aliinunua ili bibi, ambaye mgongo ulimsumbua, asibebe maji kutoka jikoni. Majirani walimuuliza nani anahitaji hita Mombasa, ambako mchana hata bomba hutoa maji ya uvuguvugu. Baba alicheka nao, akaifunga bafuni.

Msimu ule maji ya mfereji yalikatika, nasi tukajaza tangi kwa maji ya kisima, yenye chumvi. Ngurumo ikazidi, na maji yakaanza kutoka vuguvugu. Bibi hakumwambia mtu. Kwetu mtu na mkwewe huheshimiana hata kwa kumeza maneno, na kusema hita imeharibika aliona ni kama kumrudishia baba zawadi yake. Basi baba akishaondoka kwenda kuvuka kwa feri kazini, bibi alibandika sufuria kubwa kwenye jiko la makaa, kisha akaibeba hadi bafuni, leso mikononi. Mimi nilidhani ndivyo kukanda kunavyotakiwa.

Ijumaa moja baba alirudi mapema, akamkuta bibi jikoni, mguu umefungwa kitambaa. Maji yalikuwa yamemmwagikia.

“Mama, hita ina nini?” baba akamuuliza.

“Haina neno, baba Zuhura,” bibi akajibu, akimwita kwa jina langu. “Maji ya jiko yamfaa zaidi mzazi.”

Mama alisikia kutoka chumbani. Alisema kwa sauti ya chini, lakini nyumba nzima ilimsikia: “Mama, umeungua kwa ajili yangu. Sikandwi tena mpaka hita itengenezwe.”

“Ukae hivyo hivyo, uje unilaumu viungo vikilegea uzeeni?” bibi akamjibu. Mama hakutoka chumbani. Alasiri ile, kwa mara ya kwanza, kibao kilibaki kikavu.

Baba hakuingia bafuni moja kwa moja, kwa kuwa siku zile lilikuwa eneo la mkwewe. Alisimama ukumbini akapiga hodi kwanza, na bibi akatoka kwenda barazani. Baba alizima swichi kubwa karibu na mita, akasubiri tangi lipoe, akafungua koki ya chini. Maji yalitoka mazito, yenye chenga nyeupe. Alipochomoa koili, chuma kinachochemsha maji, ilikuwa imevaa ukoko mnene kama chokaa. Akaileta barazani, akaiweka mbele ya bibi.

Bibi aliitazama. “Birika langu huota vivi hivi. Mimi hulitia ndimu.”

Baba akaagiza ndimu. Wakazikamua pamoja katika bakuli, mtu na mkwewe, wakaacha koili ilowe hadi ukoko ukabanduka wenyewe. Hapo ndipo bibi alipokiri kwamba alikuwa akiisikia ngurumo tangu mwanzo, na aliona haya.

“Hata mimi niliisikia, mama,” baba akasema. “Niliona haya kuingia.”

Jioni hita ilichemsha tena, na mama akakaa kwenye kibao. Kuanzia hapo baba hakungoja kuambiwa. Ngurumo ikianza tu, alipiga hodi.

Sasa naishi Kisauni, na mama yuko kwangu. Magoti yake yanahitaji maji ya moto. Sikusomea umeme, nimejifunza kwa vijitabu vya maelekezo na kwa kukosea. Hita za leo hujizima zenyewe zikizidiwa, na zina taa ya kumwonyesha mtu kwamba maji yako tayari. Lakini chumvi ya kisima ni ile ile, na mama ni mtoto wa mama yake. Nikimuuliza, hujibu, “Maji mazuri, mwanangu, alhamdulillahi,” hata yakiwa baridi. Kwa hiyo simuulizi. Kabla hajaingia bafuni, natangulia mimi, nafungua bomba na kuweka mkono.