Darasa Langu Lilipopewa Mama wa Ploti

Kanisa letu la Methodisti hapa Kawangware ni la zamani kuliko gorofa zote za Gatina. Lilijengwa kwa mawe wakati hapa bado ni mashamba, na aliyetoa kiwanja ni baba ya yule mama ninayetaka kumsema. Ndani ya hilo jengo watoto wangu walipimwa kilo, wakasoma nasari, na mwaka uchaguzi ulipoleta vurugu tulilala humo kwa mabenchi, sisi wapangaji wa kutoka ziwani pamoja na wenye ploti za kupangisha, sufuria moja ya githeri, mahindi na maharage. Hiyo githeri haikuiva vizuri, lakini tuwache hayo.

Mimi niliishia darasa la pili. Nilikuja Nairobi kufulia watu nguo Nyayo Highrise, nikikaa Kibera, na Jumapili natembea kwa mguu mpaka kanisani. Baadaye nikahamia Kongo, mtaa wa hapa hapa Kawangware karibu na kanisa, chumba kimoja. Sasa, sisi Wamethodisti tuna kitu kinaitwa darasa, na si la shule. Ni majirani kumi na kitu na kiongozi wao. Mnakutana kila wiki, kiongozi anauliza kila mtu, roho yako iko namna gani? Unafaa kujibu ukweli.

Hilo darasa nililiongoza miaka mingi. Mtu akiugua, naitwa mimi. Mtu akifiwa, naitwa mimi. Watoto walinijua kwa jina la dani, nyanya yao wote.

Halafu akaja mchungaji mpya, kijana mwenye adabu, akasema habari za madarasa sasa zinatumwa kwa simu. Yangu ni ya kubonyeza, na macho yenyewe hayaoni vizuri. Darasa likapewa yule mama wa ploti, ambaye baba yake alitoa kiwanja cha kanisa.

Kwangu watu walikuwa wanakalia kitanda na mitungi ya maji. Kwake kuna viti vya vitambaa, chai ya maziwa na mandazi. Hata wale waliokuwa wakichelewa kwangu, kwake wanafika mapema. Wivu ulinishika, ingawa mandazi yake niliyala. Na kibaya zaidi, yule mama ni mzuri. Angekuwa na madharau ningelala vizuri.

Kila wiki akiniuliza najibu, poa tu, Bwana asifiwe. Mpaka Jumatano moja akaweka kikombe chini.

"Dada, kila wiki roho yako iko poa. Ni roho gani hiyo? Hata maji ya mfereji wa Kongo kuna siku hupotea."

Watu wakacheka. Mimi nikaona afadhali niaibike mara moja.

"Ina wivu," nikasema. "Na wivu wenyewe nakuonea wewe."

Kicheko kikaisha. Mama wa ploti akasema kuna mama anaugua malaria nyumbani kwake huko Kongo, kesho twende wote. "Na usinitoroke njiani."

Nilimtoroka. Vichochoro vya Kongo navijua, yeye ana viatu vya kanisa, na ilikuwa imenyesha. Nikabisha hodi wa kwanza. Yule mgonjwa, niliyemfundisha kuomba mimi mwenyewe, akainua kichwa, akauliza kiongozi yuko wapi.

Ningeweza kusema hakuja. Nilifikiria hivyo kabisa. Nikamwambia yuko nyuma, matope yamemshika, nikarudi kumshika mkono mpaka mlangoni. Alikuwa anahema. Hakunilaumu, aliniambia tu kiatu kimoja kimebaki huko.

Akapiga magoti, akaomba. Anaomba vizuri, maneno yamepangwa. Mimi nikawasha jiko, nikakoroga uji wa wimbi. Na kwa kuwa darasani tunafaa kusema ukweli, hata nikikoroga macho nilikuwa nimeyafunga kama wao, lakini nilikuwa namwomba Mungu yule mgonjwa apone kwa uji wangu.