Ndoo ya Taka ya Fundi Saa

Jamani, kuna watu wakishapata afya hakukaliki nao. Fundi saa alikuwa mmoja wao. Tangu daktari amwambie ana kisukari, na kidonda cha mguuni hakitapona asipojiangalia, alishika masharti kwelikweli. Alfajiri anatembea mpaka sokoni na kurudi. Kuku bila ngozi, yai bila kiini, chai bila sukari, wali wa kuonja tu. Na kwa kuwa hapendi ubadhirifu, akaweka sheria nyingine: nyumbani mwake chakula hakitupwi.

Kidonda kikafunga, kitambi kikaisha, kichwa kikavimba. Ukimpelekea saa akubadilishie betri, unaondoka na mawaidha ambayo hukuyaomba. Alichoringia zaidi ni ndoo yake ya taka, kavu kama imenunuliwa jana. Majirani wakamwita Bwana Ndoo, naye, masikini, akadhani anasifiwa.

Mkewe ndiye mpishi. Anapakua, anarudi jikoni. Kula pamoja walishaacha, maana bwana alisema harufu ya mafuta inamtia majaribuni. Mama alipoanza kuhema kwenye ngazi, fundi alimwambia huo ni uvivu, aamke watembee wote. Mama wa watu angetembea saa ngapi, na vyombo avioshe nani? Nyani haoni kundule.

Siku alipoanguka karibu na jiko, fundi na jirani walimkimbiza hospitali. Presha ilikuwa juu mno, na upande mmoja wa mwili umelegea. Daktari akauliza mgonjwa anakula nini nyumbani.

"Kwangu tunakula vizuri, daktari," fundi alidakia. "Mafuta hayana nafasi."

Mkewe aligeuza uso. Mdomo ulikuwa umekwenda upande, lakini maneno yalitoka, moja moja.

"Ngozi za kuku nimekula mimi. Viini vya mayai, mimi. Viporo vyako, mimi. Ulisema kisitupwe kitu, baba watoto. Ulidhani vinakwenda wapi?"

 Aibu ilimshika fundi mbele ya daktari na jirani.

Jioni akajipikia mwenyewe. Akamchuna kuku, na ngozi akaiweka kwenye kisahani pembeni mwa jiko, kama alivyozoea kumwona mkewe akifanya. Akala, akarudi jikoni, akaikuta palepale. Ndipo alipolia, mtu mzima, kisahani mkononi.

Wiki haikuisha, ndoo ikajaa mpaka kifuniko kikagoma kufunga. Jirani mwingine, ambaye habari hazijamfikia, alipita mlangoni akamtania: kulikoni leo, Bwana Ndoo, sheria imevunjwa?

"Hii siyo ile," fundi alisema. "Ile niliyokuwa nikiwaringia imelazwa hospitali."