Bi Dirisha na Sebule Isiyo na Jua

Ukimkaribisha nyumbani kwako, kabla hajaketi atakuwa ameshalikagua dirisha lako. Ndiyo maana walimwita Bi Dirisha, naye akalipokea jina bila kinyongo. Kwa miaka kumi na tisa alishona mapazia, na mapazia hayaanzii kwenye cherehani. Yanaanzia ukutani: utepe wa kupimia shingoni, macho yakifuata jua linaingilia wapi na linatoka saa ngapi.

Mimea alianza nayo kwa bahati tu. Mteja mmoja aliyehama alimwachia mche wa kutambaa ndani ya kopo la rangi. Akauweka karibu na cherehani, akaupandisha kwenye fimbo ya pazia, na mwaka haukuisha ukawa umelizunguka dirisha zima la karakana. Watu walifuata mapazia yao, wakaishia kuuliza habari za majani. Hapo akajua ana kazi ya pili.

Siku moja mwalimu mkuu wa shule ya jirani alimwita. Sebule yake ilikuwa na dirisha moja tu, nalo lilitazamana na ukuta wa nyumba ya pili. Humo waliishi watatu: mwalimu mwenyewe, mumewe aliyestaafu upimaji wa ardhi, na wifi yake mwenye ulimi usiolala.

Bi Dirisha alikaa kwenye kila kiti, kimoja baada ya kingine.

"Mama, umekuja kupamba au kupumzika?" wifi akamuuliza.

"Mmea mnautazama mkiwa mmekaa, dada. Nikiupanga nimesimama, nitakuwa nimejipangia mimi."

Akaondoa maua ya plastiki yaliyojaa vumbi. Kioo kikubwa kilichokuwa kimejificha chumbani akakitundika kulielekea dirisha, mwanga ukaongezeka papo hapo. Mmea mrefu wa majani mapana ukapata nafasi dirishani. Wenye majani yaliyosimama kama mapanga, ambao hauna makuu na giza, ukaenda kwenye kona ya televisheni. Na wa kutambaa akauacha uning'inie kutoka rafu ya vitabu. Mwalimu aliingia, akashika kiuno. "Hii ni sebule yangu hii?"

Wiki sita baadaye akapiga simu. "Bi Dirisha, mimea yako inakufa."

Dada yake Bi Dirisha, waliyekuwa wakishona pamoja, aliacha mkasi. "Nenda ukaombe radhi, yaishe."

"Radhi ya nini? Mmea haufi kwa uchawi. Nakwenda kuitafuta sababu."

Alikuta majani ya njano yamelala sakafuni. Akagusa udongo, akatandika gazeti, akaung'oa ule mrefu mbele yao. Mizizi ilikuwa myeusi, imelegea, na harufu yake ikamfanya wifi azibe pua.

"Huu haujafa kwa kiu," akasema. "Umezama. Nani anamwagilia?"

"Mimi," akajibu mwalimu. "Kila asubuhi kabla ya kwenda shule."

Wifi akajikohoza. "Mimi huwa naionea huruma mchana. Nilijua una haraka zako, unasahau."

Kisha mzee, ambaye tangu astaafu maneno yake yalikuwa ya kuhesabika, akashusha gazeti lake. "Na mimi jioni. Nilidhani humu ndani hakuna anayeijali."

Walitazamana, kisha wakacheka wote, mzee naye akicheka hadi miwani ikamteleza.

"Manahodha wengi, chombo huenda mrama!" wifi akasema.

"Basi tuchague mmoja," akasema Bi Dirisha, akamgeukia mzee. "Baba, wewe ulikuwa mpimaji. Kazi hii ni yako."

"Huyu?" mwalimu akashangaa. "Hata kikombe chake hakiondoi mezani!"

"Ndiyo anafaa. Mwenye nafasi ndiye anayeangalia kwanza, halafu ndiyo anamwaga."

Akamwonyesha: ingiza kidole hadi pingili ya pili, kikitoka na udongo ulioking'ang'ania, usimwagilie, weka kopo la maji chini uende zako. Ule mrefu haukupona, naye hakuwadanganya. Ile miwili mingine aliikata mizizi iliyooza, akaipanda upya katika udongo mkavu wenye kokoto.

Mzee aliichukua kazi hiyo kama aliyekabidhiwa ramani ya wilaya. Alinunua daftari, akawa anaandika mwanga unagusa wapi saa nne na wapi saa tisa, akisogeza vyungu shubiri moja moja. Asubuhi moja alimpigia Bi Dirisha. "Kuna jani jipya, limejisokota kama sigara. Ni kawaida?"

"Ni salama, baba. Linajifungua lenyewe. Usilisaidie."

Kabla mwaka haujageuka, rafu ya vitabu ilikuwa haionekani kwa majani, na Bi Dirisha alikuwa na nyumba nyingi kuliko miguu yake. Akamwomba mzee amsaidie kupima mwanga. Sasa huenda pamoja, yeye na utepe wake, mzee na daftari lake, na hubishana kwa sauti kwenye sebule za watu kuhusu kona ipi inafaa chungu kipi. Mara nyingi Bi Dirisha ndiye hushinda. Mwalimu naye hulalamika kwa majirani, uso umejaa tabasamu: "Nilimwita anipambie nyumba, akaondoka na mume wangu."