Udhuru wa Bwana Catchpole

Hadi anafikisha miaka sitini na minane, Thelma Garrod alikuwa amesema uongo mara mbili tu: mara ya kwanza kwa daktari wa meno, mara ya pili kwa shangazi aliyemfumia sweta la rangi ya haradali. Uongo wa tatu aliuandika. Ulikuwa wa neno moja, mafua, na aliuandika kwa wino mweusi katika kumbukumbu za Baraza la Kijiji la Hobbeck, mbele ya watu sita waliokuwa wakinywa chai.

Alikuwa karani wa baraza hilo mwaka wa ishirini na tatu. Baba yake alikuwa mzibuaji wa mitaro ya barabara, na yeye alipiga chapa katika ghala la mbegu mpaka ghala lilipofungwa. Hakuolewa, aliyemtaka alichelewa kusema, na aliyewahi kusema hakumtaka. Basi alibaki na nyumba ya mwisho kabla ya daraja, paka mnene, na kitabu chekundu cha kumbukumbu. Kuna nchi zinazotawaliwa kwa mtutu wa bunduki, na kuna nyingine kwa fitina za ndugu. Hobbeck ilitawaliwa na kile kitabu. Lililoandikwa na Thelma lilikuwa limetokea, na ambalo hakuliandika, hata kama watu walirushiana viti, halikutokea.

Kila mwezi kumbukumbu hizo zilibandikwa kwenye ubao wenye kioo kando ya lango la kanisa, na hakuna aliyepita bila kusimama. Watu wa Hobbeck wana haya ya kuulizana hali. Mtu anaweza kuishi ukuta kwa ukuta na jirani miaka thelathini akimwambia habari za mvua tu. Lakini kusoma ubao si umbea, ni uraia.

Sasa, ajenda ya kikao chochote cha kijiji Uingereza huanza na udhuru. Diwani asiyefika hutuma sababu, karani huisoma, na baraza huikubali kwa kunyoosha mikono. Si adabu tu, ni sheria. Diwani akipotea miezi sita bila udhuru uliokubaliwa, kiti chake kinakwenda chenyewe, bila kura wala kwaheri.

Na mwezi ule wa Novemba kiti kilichokuwa kitupu ni cha Wilf Catchpole.

Wilf alikuwa na miaka themanini na moja, na udiwani wa miaka thelathini na mmoja. Neno lake la kwanza katika kila kikao lilikuwa "Napinga," mara nyingine hata kabla ajenda haijasomwa. Alijua kila mtaro na aliyeuziba. Oktoba, wiki moja baada ya kikao, mke wake Beryl alifariki. Wilf alimzika, akasalimiana na watu mlangoni mwa kanisa, akarudi kwake Glebe Cottage, akafunga lango. Hakuonekana dukani, wala kanisani, wala baa. Thelma alipiga simu mara tatu, ikalia mpaka ikachoka. Alifika langoni mara mbili, na mara zote mbili akageuka, maana hakujua angesema nini zaidi ya habari za mvua.

Kikao cha Novemba kilifanyika ndani ya kanisa, nyuma karibu na birika la ubatizo, kwa sababu paa la ukumbi wa kijiji lilikuwa likitengenezwa na hapo ndipo palipokuwa na soketi ya kuchemshia maji. Mwenyekiti, Bi Rosalind Kemball, mfuga nguruwe aliyekuja na gambuti zake, aliuliza, "Udhuru?"

Thelma alifungua mdomo kusema hakuna. Akakitazama kile kiti. "Bwana Catchpole," akasema, "ana mafua."

Mikono ikanyooshwa. Ikaandikwa. Dunia haikupasuka.

Desemba, bomba la maji la Bwana Catchpole lilivuja. Januari, goti lilimsumbua. Februari alikuwa na mgeni. Thelma alikuwa akizitunga hizo sababu jioni akimlisha paka, akichagua zisizo kubwa sana. Kila moja ilimkosesha usingizi kiasi chake, lakini aliona bora akose usingizi yeye kuliko Wilf akose kiti. Mtu aliyepoteza mke hastahili kupokonywa hata ile "napinga" yake.

Alichosahau ni ubao. Yeye aliyeubandika kwa mikono yake, kwa pini nne za shaba, alisahau kwamba watu wanausoma. Aligundua mwezi Machi, dukani, aliposimama foleni nyuma ya Pauline Moyse aliyekuwa akinunua asali.

"Ya Wilf," Pauline alisema. "Chupa ya tano hii. Maskini, mafua kaanza nayo Novemba, sijui kama kapona."

"Ume... umempelekea?"

"Mimi? Kijiji kizima, mwenzangu! Nilipeleka supu siku ileile niliposoma. Akina Ling wakaenda na spana zao kutazama bomba. Tena Kasisi Philippa kampelekea mkongojo wa marehemu baba yake, kwa ajili ya goti. Na huyo mgeni, hebu niambie wewe unayejua kila kitu, ni nani?"

"Sijui," alisema Thelma, na hilo angalau lilikuwa kweli.

"Haya, fanya siri. Sisi tumeoka keki tatu."

Thelma alitoka dukani bila maziwa aliyoyafuata.

Balaa halisi lilikuja katika kikao cha mwezi huohuo. Aliposoma kwamba Bwana Catchpole anangoja fundi wa bomba la moshi, Bwana Lionel Pask alinyoosha kalamu. Bwana Pask alikuwa mstaafu wa kampuni ya bima London, na mgeni kijijini: alikuwa na miaka tisa tu ya kuishi hapo. Hakuwa mtu mbaya. Ila alisoma kanuni kama wengine wanavyosoma barua za mapenzi.

"Kwa hisani yako, mwenyekiti. Fundi wa moshi kuja saa moja jioni? Huu udhuru karani aliupokea vipi? Barua? Simu?"

Chai ilisikika ikipoa.

"Lionel, usiwe hivyo," alisema Bi Kemball. "Mzee wa watu kafiwa."

"Namheshimu sana Bwana Catchpole. Lakini udhuru asioutoa mwenyewe si udhuru. Na kama hakuutoa, basi miezi sita yake inatimia siku mbili baada ya kikao cha Aprili. Naomba siku hiyo tuone udhuru wote kwa saini yake. Au tumwone yeye."

"Karani, inawezekana?" aliuliza Bi Kemball.

Thelma aliandika ombi hilo neno kwa neno, kisha akasema, "Inawezekana." Hapo ndipo alipojua kwamba njia ya mwongo ni fupi, na yake imefika langoni pa Glebe Cottage.

Alikwenda Jumamosi, mvua ikimpiga ubavuni. Wilf alikuwa bustanini akifukia mbegu za maharage, mkongojo wa Kasisi ukiwa umechomekwa ardhini na kuning'inizwa koti.

"Karani!" alisema bila kuinuka. "Nieleze basi. Mwezi huu naumwa nini?"

Thelma akajua kwamba anajua. "Wilf, nisamehe."

"Nina chupa kumi na moja za asali. Asali siipendi tangu utotoni. Kwa nini lakini, Thelma? Wewe ambaye hata ulipokuwa mtoto ulikuwa unajishtaki mwenyewe?"

Akamweleza sheria, miezi sita, Pask na saini. Wilf alisikiliza huku akisawazisha udongo kwa kiganja.

"Ungeniacha tu nikatoka."

"Nilijaribu. Miaka ishirini na tatu nimeandika, 'Waliohudhuria: Bwana Catchpole.' Nilipofika hapo mkono ulikataa." Alivuta pumzi. "Na Beryl alipofariki niliandika mstari mmoja tu, kwamba baraza lilisimama kimya kwa dakika moja. Mstari mmoja, Wilf. Mwanamke aliyepanga maua ya kanisa miaka arobaini. Nilitaka nije nikwambie, sikuweza hata kugonga."

Wilf alifukia mbegu nyingine. Kisha akasema, "Saini yangu siiweki kwenye uongo. Hata wa kwako."

"Najua. Sikuja kuiomba." Na alipogeuka kwenda aligundua kwamba ni kweli, hakuja kuiomba. Alikuja kugonga tu.

Jumanne ya Aprili alivaa sketi ya sherehe. Ndani ya kitabu chekundu alikuwa ameweka barua mbili: moja ya kukiri, nyingine ya kuacha kazi. Watu wa kijiji wenye haki ya kusikiliza vikao, ambao kwa kawaida walikuwa sifuri, siku hiyo walijaza mabenchi manane. Ombi la Bwana Pask lilikuwa limebandikwa ubaoni mwezi mzima.

"Tuanze," alisema Bi Kemball. "Udhuru."

Thelma alisimama. "Kabla ya hapo nina jambo. Kuhusu udhuru wa Bwana Catchpole tangu Novemba. Mafua, bomba, goti..."

Mlango wa kanisa la Hobbeck huvimba wakati wa mvua, na kuufungua lazima uupige bega. Ulipigwa bega mara mbili, ukalia kama ng'ombe, akaingia Wilf Catchpole na toroli. Ndani ya toroli zilikuwa chupa za asali.

"Napinga," alisema.

"Wilf, hata hujajua tunazungumza nini!" alisema Bi Kemball, na uso wake wote ulikuwa kicheko.

"Karani anataka kuomba radhi. Napinga. Bwana Pask, wewe ndiye unayetaka kujua kama udhuru ni wa kweli?"

"Kwa mujibu wa kanuni, ndiyo," alisema Bwana Pask.

"Vizuri. Mafua. Nilikuwa buheri wa afya mpaka Pauline alipoleta supu. Kakaa jikoni kwangu saa nzima anapiga chafya. Siku tatu baadaye niko kitandani."

"Mimi?" aliruka Pauline kutoka benchi la tatu. "Ilikuwa vumbi!"

"Vumbi lenye homa. Bomba: lilikuwa linapitisha maji vizuri tu. Akina Ling wakaja, mmoja akalishika, mwingine akasema, usilishike hapo. Jikoni kwangu bata wangeogelea."

Ndugu wawili Ling wakatazama viatu vyao.

"Goti. Kasisi aliuacha mkongojo mlangoni alfajiri, kwa adabu, asiniamshe. Natoka kuchukua maziwa, naukanyaga, goti hili hapa." Alilipiga kofi. "Na mgeni. Nilikuwa peke yangu, siku zote hizo peke yangu, nikisikiliza saa ya ukutani. Mkasoma nina mgeni, mkaja kumtazama. Kumi na wanne, jioni moja, na keki tatu. Mkakaa. Mkamzungumzia Beryl mpaka mshumaa..." Hapo akakohoa. "Kwa hiyo, Bwana Pask, nathibitisha kwa mdomo wangu. Kila udhuru ni wa kweli. Ila uliwahi kidogo."

Kanisa likalipuka kwa kicheko. Lisemwalo lipo, na kama halipo, li njiani laja. La Hobbeck lilikuja limebeba keki.

Bwana Pask alingoja kicheko kitulie. Alifungua kanuni, akafuata mistari kwa kidole, akageuza ukurasa, akarudi. "Kanuni inasema sababu lazima ikubaliwe na baraza," alisema polepole. "Haisemi kipi kitangulie, kukubaliwa au kutokea." Akavua miwani. "Na naona kumbukumbu za Januari, zilizothibitishwa kuwa sahihi, niliziunga mkono mimi."

"Fundi wa moshi je?" mtu aliuliza kutoka nyuma.

"Huyo bado," alisema Wilf. "Nadhani atakuja kesho. Chukua asali, Lionel. Chukua mbili."

Thelma alikuwa bado amesimama. "Lakini nilidanganya," alisema. "Lazima iandikwe."

"Iandike basi," alisema Bi Kemball. "Karani aliomba radhi, baraza likakubali. Mikono?"

Mikono ikapanda, hata ya mabenchi manane yasiyo na kura. Wa Bwana Pask ulipanda wa mwisho, ukiwa na chupa ya asali. Wilf peke yake alikaa amefumbata mikono.

"Mmoja anapinga," alisema. "Uandike na hilo."

Thelma alikaa. Barua ya kuacha kazi aliikunja mara nne, akaiweka chini ya mguu wa meza iliyokuwa ikiyumba tangu ihamishwe kutoka ukumbini. Kisha baraza likajadili kwa dakika hamsini na tano mahali pa kuweka pipa la mavi ya mbwa, na Wilf akapinga kila mahali palipotajwa, na Kasisi Philippa, aliyekuwa na makanisa sita ya kuhudumia, aliingia mwishoni kabisa akiuliza kwa nini watu wote wanakula asali kwa vijiko vya chai.

Asubuhi iliyofuata watu walisimama mbele ya ubao kama kawaida. Karatasi ilikuwa ndefu, kukiri kwa Thelma kukiwa humo bila kupunguzwa neno. Lakini karibu wote vidole vyao viliishia kwenye kioo, katika mistari miwili ya juu, iliyoandikwa kwa wino mweusi uliokolezwa zaidi ya mingine yote:

Waliohudhuria: Bwana Catchpole, na wengine sita.
Udhuru: hakuna.