Hata Membe Hafiki

Mama yangu ana maneno! Nilimpigia simu Pangani kumwomba aje Tukuyu, nijifungue akiwa nami. Mimba ya kwanza hii, naogopa. Akanijibu: "Huko milimani hata membe hafiki, miye nifike?"

Nikaapa nitamwonyesha. Membe, ndege wale wa pwani kwetu, wanafika! Wakikimbia baridi ya Ulaya, kundi zima hushinda kwenye ziwa la Masoko, karibu na nyumbani kwa wakwe zangu. Nikachukua kamera ya mume wangu, ile ya kupigia arusi, nikateremka ziwani.

Jamani, usiombe. Ndege hawa hawatui. Anashuka, anadonoa mdudu juu ya maji, huyoo, kapaa. Nabonyeza, napata maji matupu. Nabonyeza tena, napata mkia. Mara ukungu unafunga, ziwa lote silioni. Mgongo unauma, mtoto tumboni anapiga mateke, nami nimesimama kwenye matope kwa ajili ya ubishi wa mama.

Na ukungu ukiondoka, anakuja baba mkwe.

Kwa Wanyakyusa wa zamani, mke wa mwana na baba mkwe hawaonani uso kwa uso. Mume wangu anasema siku hizi wengi wameacha. Mzee wetu hajaacha, na njia yake ya kwenda kwa ng'ombe inapita papo hapo. Basi nikisikia kikohozi chake tu, khanga kichwani, najikunja migombani na tumbo langu, huku membe wanakula kwa raha zao. Kila siku hivyo hivyo! Nililia kwa hasira. Mzee mzima hana njia nyingine?

Siku niliyokata tamaa, manyunyu yalianza. Nikasikia kikohozi kwa mbali, kikakoma. Nikajua karudi kwake, afadhali. Membe wakashuka kwa pamoja. Nikafunika kamera kwa khanga, nikabonyeza mpaka kidole kikafa ganzi. Mmoja nikampata barabara: mdomo majini, mabawa juu.

Jioni nikamtumia mama. Akapiga papo hapo.

"Nani huyo mzee?"

"Mzee gani? Mama, nimekutumia membe!"

"Hapo pembeni, njiani. Ananyeshewa, katugeuzia mgongo."

Nikaikuza picha. Lo! Koti lake, kofia yake, fimbo yake. Ndiyo mara yangu ya kwanza kumtazama kwa kituo. Alikuwa amegeukia kilima, analowa, ili mimi nisilazimike kuondoka pale majini. Na nilivyomlaani!

"Baba mkwe huyo," nikasema. "Ananipisha."

Nikashindwa kuvumilia. "Na membe je?"

"Membe nawaona kila siku. Mwambie mzee asilowe tena, nakuja."

"Siwezi kumwambia, mama. Hatuonani."

"Basi nitamwambia mwenyewe."